Injinia wa Juu ya Tangi

Leo nimejiaibisha mbele ya mke wangu, binti yangu na wazazi wanne nisiowajua. Naandika nikiwa kibandani Kebirigo, chai imepoa mbele yangu.

Ilikuwa hivi. Moraa wetu anaanza gredi ya kwanza Januari. Mama Moraa anataka akademi, ile yenye twiga waliochorwa ukutani. Mimi nataka shule ya serikali iliyo nyuma ya nyumba yetu (niliiacha nikiwa darasa la sita, lakini kosa halikuwa la shule). Tumebishana wiki mbili. Jana tukakubaliana: nitaenda kuikagua akademi kwa macho yangu, nikirudi tuamue.

Nikafika langoni na nguo za kazi. Soja akaniuliza, "Wewe ndiye fundi wa tangi?"

Ningesema hapana. Lakini nikalitazama lile tangi. Liko juu ya mnara wa vyuma, na ukiwa pale unaona madarasa yote, hadi jikoni. (Nimewahi kuezeka nyumba, kuchuma majani chai, kuendesha tuktuk. Tangi ni nini?)

"Ndiye mimi," nikasema. Akanipa spana.

Kule juu nilifurahi kama mtoto. Watoto wamekaa wawili wawili kwenye dawati. Mpishi anaonja maharagwe, anaonja tena, anaonja tena. Nilikuwa nimeanza kushawishika kabisa, ndipo mwenye shule, Madam, akatokea chini yangu na wazazi. Mmoja alikuwa amevaa nguo ya Sabato, na leo ni Jumatano.

Mama Moraa. Na Moraa amemshika mkono. Kumbe hakuniamini.

"Na baba ya mtoto?" Madam akamuuliza.

"Ni injinia wa maji," mke wangu akajibu bila kupepesa. "Yuko Nairobi. Kazi ni nyingi."

Nikajikunyata. Spana ikaniponyoka, ikagonga chuma. Wote wakatazama juu.

"Tata!" Moraa akaita, yaani baba kwa Kikisii. "Mama, ona, tata amepanda kule."

"Huyu mtoto huita kila mwanamume tata," Mama Moraa akasema haraka. Wale wazazi wengine wakamtazama (yeye, si mtoto).

Madam akainua kichwa. "Fundi, unawajua hawa?"

Nilitaka tu kumwokoa mke wangu.

"Hapana, Madam," nikajibu kwa sauti kubwa. "Mimi na Mama Moraa hatujawahi kuonana."

Hata mpishi aliacha kuonja.

"Teremka polepole, Injinia," Madam akasema. "Na karibu kutoka Nairobi."

Njiani mke wangu alitangulia hatua ishirini. Alipofika kwenye kona alisimama, akasema bila kugeuka, "Baba Moraa, mtoto ataenda ya serikali. Pale mimi sirudi."

Kwa hivyo nimeshinda ubishi wa wiki mbili, na naogopa kwenda nyumbani kusherehekea. Mkimwona Mama Moraa sokoni, tafadhali msicheke. Mwambieni tu kwamba ile ya serikali ina walimu wazuri.