Ng'ombe Uliyenishonea Kwenye Ufizi

Nainokanoka,
Juni 2007

Kwa Daktari Clemensi, fundi wa fizi, Karatu.

Shikamoo Daktari. Mimi ni Dickson Kisioki, yule kijana mtanashati mwenye ufizi ulioteremka, ambaye hakulia. Nesi Bertha akisema nililia, ni wivu. Kazi yako ni safi, jino limefunikwa kama limevaa blanketi. Hata hivyo, kwa heshima na uchungu naomba uitoe ile ngozi, maana inanikosesha mke.

1. Ulinipa nichague: ukate kinyama kwenye kaakaa langu, au utumie kile kipande cha kiwandani kilichotengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Nikachagua ng'ombe, maana kaakaa ndilo ninaloimbia. Lakini hukuniambia rangi yake wala alama yake! Kwetu ng'ombe asiyejulikana ana kesi. Mwenyewe akitokea nitajitetea vipi, na ushahidi umo mdomoni?

2. Kwetu maziwa na nyama havikutani tumboni siku moja, vikikutana mifugo itadhurika. Sasa mimi nyama nashinda nayo na kulala nayo. Maziwa nimeyaacha, mimi niliyekuwa namaliza kibuyu wenzangu wakiwa bado wanapuliza nzi.

3. Hapa ndipo penye msiba. Nilikwenda kwa mzee Kakuta kumposa binti yake Naishorua, nikaletewa maziwa, nikakataa. Mzee akauliza, "Kijana, maziwa yangu yana nini?" Nikamjibu kisomi kwamba hayana kosa, ila nina ng'ombe kwenye ufizi. Akasema, "Wenzako huwaleta kwa miguu." Naishorua alitoka nje ili apate kucheka vizuri. Nimepewa muda mpaka siku ya mnada niwe nimeyanywa, la sivyo anaolewa na Joel, dereva wa watalii, ambaye fizi zake hazina hata historia.

4. Wazee husema ng'ombe wote wa dunia tulipewa sisi. Kwa hiyo, ngozi hiyo ni yetu, na nina haki ya kuamua ikae wapi. Itoe uweke ya samaki, au niandikie cheti chenye mhuri kwamba si nyama. Ukishindwa, njoo unywe maziwa hayo kwa niaba yangu, na ukipewa binti umlete kwangu.

Nisalimie Bertha, mlinzi wa getini, na wote wenye meno na wasio nayo.

Wako mwenye kiu,
Dickson Kisioki
(Darasa la Saba, nilifaulu ila jina halikutokea)

N.B. Daktari, usitoe kitu! Nikiwa natafuta bahasha, mzee Kakuta amefika, akanishika kidevu akanikagua kama ndama wa mnadani. Kisha akafungua mdomo wake: fizi zimeshuka kama soksi kuukuu! Amekata shauri kwamba nyama ni ile inayotafunwa. Iliyoshonwa ni ngozi tu, na ngozi tunazilalia kila siku na maziwa tunakunywa. Nimekunywa mbele yake mpaka nikapumua kwa shida. Alhamisi namleta mzee kwako. Harusi amesema ni mpaka aweze kutafuna mbavu bila kulalamika, kwa hiyo, Daktari, mshone siku hiyo hiyo.