Meneja wa Mama Mkwe

Jumanne, 9 Juni
Nimekwenda kwa mama mkwe kumtengenezea mguu wa cherehani. Haujatengenezeka. Lakini nyuma ya majora ya vitambaa vya sare nimekuta kaseti, nikaitia kwenye redio yake kuukuu. Roki! Gitaa linaunguruma, na dramu zinapigwa kama mtu anayebomoa nyumba kwa furaha.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu. Akaendelea kukunja nguo, akasema ni bendi ya wanawake wanne, na mpiga dramu ni mama yake. Miaka kumi na moja ya ndoa sijaambiwa! Akajibu kwamba sikuwahi kuuliza.

Kipaji kile kinashona kaptula za wanafunzi. Dunia haina shukrani. Nimeamua: nitakuwa meneja wake. Huenda pia akaacha kuniita "yule bwana". Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, anaitwa "mwanangu". Eti kwa sababu anajua kuchomelea mageti.

Alhamisi, 11 Juni
Jana nilipeleka redioni barua saba za mashabiki. Nimebuni miandiko saba, mmoja wa mkono wa kushoto. Wote wanadai wimbo wa bendi ile. Leo mtangazaji amezisoma hewani. Akashangaa kwamba mashabiki wote saba, pamoja na bibi wa miaka tisini, wameandika "mwanamziki". Wimbo hana.

Mama mkwe alikuwa akisikiliza huku anakata kola. Akauliza ni mpumbavu gani huyo. Nikapaliwa. Akanipa maji. Kwake yeye, hayo ni mapenzi.

Ijumaa, 12 Juni
Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani. Mimi ni meneja.

Tamasha ni Jumapili, ukumbi wa shule, saa tisa alasiri. Mama mkwe nimemwambia kwamba mwalimu mkuu anataka mapazia yapimwe. Dramu za shule zipo, ila kuzipandisha jukwaani nimelazimika kumwomba mwanyumba. Akazibeba mbili mbili, anapiga miluzi. Mtu wa kujionyesha sana.

Mabango nimeyachapa kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji ninakopanga herufi, bosi alipotoka kwenda kula. Mia mbili. Yamebandikwa mji mzima kabla sijayasoma.

Jumamosi, 13 Juni
Nimeyasoma.

Niliandika: "Njooni mumwone MPIGA DRAMU bora aliyesahaulika." Msahihishaji wetu, mtu makini, maishani mwake hajasikia neno dramu. Akaona kosa, akalirekebisha: MPIGA RAMLI.

Nimezunguka na ndoo ya maji kuyabandua. Gundi yetu ni nzuri mno. Nimebandua mabango matatu na ukucha mmoja.

Jumapili, 14 Juni
Ukumbi umejaa pomoni, kila mtu na shida yake. Mama mkwe akaingia na futi ya kupimia shingoni. Mwanamke wa mstari wa mbele akamuuliza kama mumewe atarudi. Mzee mmoja akataka kujua nani kaiba baiskeli yake. Mama mkwe akaangaza huku na huku, akaona vidole vya miguu yangu chini ya pazia.

Nikatoka. Nikakiri yote: kaseti, barua, mabango. Nikamwambia nilitaka watu wamjue, kwamba hakutendewa haki.

"Mimi sikusahauliwa," akasema. "Nilichoka kubeba dramu."

Kisha akazitazama. Akauliza nani kazipandisha. Mwanyumba akanyoosha mkono. Akashukuriwa, tena kwa jina lile lile la mwanangu. Mama mkwe akavua viatu, akajifunga futi kichwani nywele zisimsumbue, akaketi.

Dakika arobaini! Ana miaka sitini na minane! Vioo vya madirisha vilitetemeka. Mzee wa baiskeli alicheza juu ya benchi. Yule mwanamke alisema sasa hata mumewe akirudi, atamsubirisha mlangoni. Mimi nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi la pazia. Na mama mkwe akacheka. Sikuwahi kuyaona meno yake yote. Ana mwanya.

Jumatatu, 15 Juni
Nimempelekea mpango wa ziara ya miji kumi na miwili. Ameikata karatasi yake kuwa patroni ya kupimia mfuko wa shati. Amesema atapiga shuleni kila Jumapili kwa raha zake, bila bango. Nikaomba walau nitangaze kidogo.

"Mwanangu," akasema, "niache nishone."

Mwanangu! Mke wangu ni shahidi. Kwa furaha nikaapa pale pale kwamba sitamsumbua tena mwanamuziki yeyote aliyesahaulika, awe hai au maiti.

Jumatano, 17 Juni
Kiapo changu nakiheshimu sana. Ila mke wangu amenidokeza kwamba mpiga gitaa wa bendi ile sasa ni hakimu wa kesi za ardhi. Mwanamke mkali, hapokei wageni ofisini wala nyumbani. Anayetaka kumwona shurti awe na kesi.

Asubuhi hii nimefungua kesi. Nimemshtaki mwanyumba kwa kuninyang'anya shamba. Shamba mimi sina, wala yeye hana. Hayo tutayaeleza mbele ya hakimu. Suruali nimeshaipiga pasi.