Shaba Nyekundu Upande wa Barabarani

Jumatatu, 3 Machi

Iandikwe na ikumbukwe: leo asubuhi, nikiwa nimesimama uani na mswaki mdomoni, nimeamua kwamba nyumba hii itafungwa mifereji ya paa ya shaba nyekundu. Siyo plastiki. Siyo bati. Shaba! Shahidi pekee alikuwa kuku wa jirani, naye hakupinga.

Chanzo ni Mama. Mama analala chumba cha nyuma, na msimu uliopita ukuta wa chumba hicho ulikunywa mvua mpaka ukaota ukungu wenye umbo la ng'ombe aliyelala. Nyumba yetu haina mfereji hata mmoja. Maji yakishuka kutoka kwenye bati yanarukia ukuta moja kwa moja. Jana, mbele ya wajukuu wake, Mama alitangaza kwamba mvua za mwaka huu zikimkuta na ukuta ule ule, anafunga virago na kuhamia kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mhasibu, na nyumbani tunamwita hivyo hivyo, Mhasibu. Nyumba yake ina mifereji ya plastiki pande zote, ya kijivu, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Mama akihamia kule watu watasema nini? Mkubwa ni mimi! Na tuwaache hao watu. Mimi mwenyewe sijui nitakunywaje chai ya asubuhi bila mtu wa kuniambia nimefunga vifungo vya shati kombo. (Hili nisiliandike tena.)

Mke wangu amesema tununue plastiki yaishe, akiba ya kazi hiyo tumeshaitenga. Nikamweleza kwa upole kwamba shaba hudumu vizazi na vizazi. Akauliza vizazi vipi, hivi hivi vinavyoshindwa kurudisha ndoo mahali pake?

Hana jicho la mbali, mke wangu. Lakini anapika vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa vya ujenzi. Nilipotaja shaba, muuzaji alivua miwani akaifuta, kisha akaivaa tena ili anione vizuri.

Amenieleza kwa haki, sina lawama. Shaba haishiki kutu. Haipindi kwa jua kama plastiki. Haihitaji rangi. Maungio yake hulehemiwa, hayavuji. Ila inageuka. Inaanza nyekundu, inakuwa ya kahawia, mwisho inakuwa ya kijani. Kijani! Nikauliza kama nikiirudisha ikiwa ya kijani nitabadilishiwa. Akasema wenye majumba makubwa huisubiri kijani hiyo kama mtoto wa kwanza. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akimpima tu.

Kisha akataja bei. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji.

Akiba yetu, inayotosha kuzungushia nyumba nzima plastiki, inanunua shaba ya upande mmoja. Upande upi? Hapo ndipo akili ya biashara inapotakiwa. Mimi nauza mapazia. Maisha yangu yote nimewaambia wateja jambo moja: pesa yako iweke inapoonekana. Kwa hiyo shaba inakaa mbele, upande wa barabarani, anapopita Mhasibu na gari lake kila Jumamosi.

Na Mama? Nimemfikiria Mama. Akiona shaba mbele, moyo wake utatulia, na mtu aliyetulia moyo hahangaiki na ukuta. Nyuma tutaona baadaye. Mvua bado.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kihistoria. Mfereji umefungwa!

Aliyeufunga ni fundi tunayemwita Sawasawa. Ni mtu wa raha kufanya naye kazi. Tangu nimfahamu hajawahi kubishana na mteja. Nikimwambia weka hapa, anasema sawasawa, bosi. Nikimwambia hapana, sogeza pale, anasema pale ndiyo sawasawa kabisa. Jirani yetu mmoja alimwagiza mlango unaofungukia ukutani, akamwekea.

Jua la saa kumi lilipoipiga ile shaba, nyumba iling'aa kama imevaa mkufu. Watu walisimama. Mwendesha pikipiki alipunguza mwendo. Nilisimama getini mikono nyuma nikijifanya nangoja mtu.

Mama alitoka, akaangalia juu kwa muda mrefu. Akauliza kwa sauti ya chini kama ukuta wake umehamia mbele. Nikamwambia avute subira, kazi inakwenda kwa awamu. Akasema baba yangu naye alikuwa na awamu, akafa na awamu zake.

Mke wangu hakutoka ndani. Alikuwa anatafuta akiba ya mifereji.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Asubuhi amepita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Kwa kawaida hupiga kengele yake na kupita. Leo aliacha kupiga. Alisimama mbele ya nyumba yangu, akavua kofia, akautazama mfereji kwa mapenzi ambayo mimi sijamwona mtu akimtazama nayo mtu. Akaniamkia vizuri sana. Akanipongeza. Akasema kitu safi, mzee, siku hizi hakionekani. Kisha akauliza, hivi hivi tu, kwa mazungumzo, kama Jumapili huwa tunashinda nyumbani au tunatoka.

Tunashinda! nikamwambia. Sote! Na mbwa!

Hatuna mbwa.

Sikufungua duka. Nimebeba kiti, nimekaa chini ya mfereji kutwa nzima, na fimbo ya pazia mapajani. Kila aliyepita nilimwona ana ngazi. Mteja wangu mmoja, mwalimu aliyeagiza mapazia ya sebuleni, alinifuata hadi nyumbani kuuliza duka lina nini. Nikamwambia nina mgonjwa. Akauliza nani. Nikaangalia juu bila kutaka. Naye akaangalia juu. Akasema pole.

Mke wangu amesema alidhani aliolewa na mwenye duka, kumbe aliolewa na mlinzi, tena asiyelipwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata dawa! Sijui kwa nini watu hawaniombi ushauri zaidi.

Mwizi haibi asichokijua. Nikapanda ngazi na kopo la rangi ya mafuta, nikaupaka mfereji wote rangi ya kijivu. Mpaka saa sita mchana shaba yangu ilikuwa imefanana kabisa na plastiki. Nilijaribu kujidanganya mwenyewe kutoka ng'ambo ya barabara, nikadanganyika.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akapita. Akainua macho. Uso wake ukaanguka. Akauliza ile nyingine imekwenda wapi. Nikamwambia ilikuwa ya maonyesho tu, tumeirudisha dukani. Akanitazama kwa huruma, akasema ndiyo maisha, mzee, akaegesha mkokoteni wake kivulini ng'ambo ya geti apumzike.

Hapo hapo likasimama gari la Mhasibu.

Akashuka. Akaangalia juu. Akanikumbatia! Akasema, “Kaka, leo umenifurahisha. Kumbe ukitulia unaweza. Plastiki ya kijivu, kama ile yangu hasa!” Akaongeza kwamba alisikia uvumi kuwa nataka kuweka shaba, akamwambia mkewe haiwezekani, kaka yake hajafikia ujinga huo.

Nikafungua mdomo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa hatua chache kutoka hapo, masikio wazi, anakunywa maji.

Nikafunga mdomo. Nikasema plastiki ni kitu kizuri. Nimelisema kwa sauti, mtaa mzima umesikia. Sijawahi kumeza kitu kikubwa hivyo bila maji.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imekuja. Haikutuma salamu.

Ilianza tukiwa mezani, mchana kweupe, mvua ya kupiga bati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Wote wakakimbilia chumba cha Mama na madebe na matambara. Mimi nilikimbilia mbele kuona shaba ikifanya kazi.

Nikasimama chini ya mfereji. Hakuna tone. Nikaweka mkono kwenye mdomo wake. Pakavu! Nikashangaa ubora ule. Nikamwita mke wangu aje aone shaba isivyovuja. Akaja, amelowa mpaka magotini, godoro la Mama begani. Akanitazama, akautazama mfereji, akaniambia polepole, kama anavyowafundisha watoto saa, kwamba paa la nyumba hii lina mteremko mmoja. Limeinuka mbele, linashukia nyuma. Maji yote, tangu nyumba ijengwe, yanakwenda nyuma.

Nimeishi humu miaka. Nimenunua mapazia ya kila dirisha. Paa sikuwahi kulitazama kwa nia hiyo.

Nikampigia simu Sawasawa. Je, hakuona? Akasema aliona. Mbona hakusema? Akasema, “Bosi, wewe ulisema mbele. Na mbele pia ni pazuri.”

Saa kumi Mhasibu amekuja kumchukua Mama. Mama alikuwa ameshafunga mkoba na shuka zake mbili. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliniambia tu nile. Alipopanda gari alisahau kuniambia kwamba vifungo vya shati langu vimekaa kombo. Nimeviona mwenyewe, jioni, kwenye kioo.

Nyumba ina kimya cha ajabu. Ng'ombe wa ukutani amerudi, safari hii na ndama.

Jumatatu, 10 Machi

Sawasawa ameuhamishia mfereji nyuma. Nilimwuliza kama nyuma panafaa. Akasema nyuma ndiyo sawasawa kuliko mbele. Nilimtazama mpaka akashuka ngazi upande wa pili.

Mvua ilinyesha tena mchana. Maji yalipita humo kama yameitwa, yakaangukia kwenye pipa, ukuta haukuguswa. Kazi safi kabisa! Haivuji, haitetemeki. Ila iko nyuma ya nyumba, imepakwa kijivu, inatazamana na choo cha jirani. Mwenye kuiona ni kuku.

Mke wangu amelisifu pipa.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Mhasibu kumwomba Mama arudi. Njiani nilipanga hotuba: sehemu ya kwanza, ukuta umekauka, ya pili, sifa za shaba, ya tatu, machozi, ikibidi.

Nimemkuta sebuleni, amekalishwa kwenye kochi kubwa kama mgeni rasmi, miguu haifiki chini. Shemeji yangu, mke wa Mhasibu, ni mwema mno. Hamruhusu Mama kushika sufuria. Hamruhusu kufagia. Chai inamfuata alipo. Kila saa anaulizwa kama anahitaji kitu. Mhasibu alinionyesha chumba chake: ukuta mkavu, taa mbili, dirisha lenye pazia (si la dukani kwangu, nimeliona hilo).

Moyo ukanishuka. Nani ataacha haya?

Nikaanza hotuba. Sikufika hata kwenye shaba. Mama alingoja shemeji aingie jikoni, akanivuta shati, akaninong'oneza kwa ukali, “Mwanangu, humu ndani kila kitu kiko sawa. Tangu Jumapili sijapata hata kitu kimoja cha kusema. Ninaumwa kifua!”

Mkoba ulikuwa tayari chini ya kochi.

Nilidhani Mhasibu atapinga. Aliubeba mkoba mwenyewe mpaka nje, mbio, na akatuitia teksi kabla sijamaliza kuaga. Pembeni akaninong'oneza kwamba jana Mama aliangalia mahesabu yake ya kazini na kuuliza kama ana uhakika. Tangu hapo hana uhakika.

Kwenye teksi Mama alinitazama mara moja tu, akanyoosha mkono, akanifungulia vifungo na kuvifunga upya. Kisha akamwambia dereva anaendesha kama anabeba mayai ya mtu mwingine.

Nimeshusha pumzi ambayo nadhani niliivuta Jumapili. Sijaona mvua nzuri kama ile ya leo jioni, sote ndani, Mama anamsema kila mtu kwa zamu.

Ijumaa, 14 Machi

Mambo yametulia. Duka limefunguliwa. Mwalimu wa mapazia ameniuliza hali ya mgonjwa, nikamwambia amehamishiwa wodi ya nyuma, anaendelea vizuri.

Nimekaa na nimetafakari. Yote yaliyotokea yana funzo moja tu, nalo ni hili: nilikuwa sahihi kuhusu shaba. Mama alirudi lini? Baada ya shaba kufungwa nyuma. Kuweni na haki! Mke wangu anasema Mama angerudi hata tungefunga mifereji ya migomba. Hasomi dalili, mke wangu.

Mama amerudi kwa sharti. Kule nyuma hataki tena. Anataka chumba chetu cha mbele, chenye dirisha la barabarani, aone wanaopita na awaulize wanakotoka. Tumempa. Mimi na mke wangu tumehamia nyuma na ng'ombe na ndama wake. Tangu jana ameshamjua mnunuzi wa vyuma chakavu kwa majina yake yote, na amemwambia anyoe ndevu.

Sasa nimeona dirisha lile la Mama liko wazi mno. Linahitaji kikofia juu yake cha kuzuia mvua. Cha shaba nyekundu, safari hii bila rangi, kwa sababu mwizi atapitaje na Mama amekaa pale? Nimempigia Sawasawa. Amesema wazo ni sawasawa. Anakuja kesho kupima.

Ukuta wa chumba cha mbele haujawahi kulowa.