Vita vya Breki na Feni kwa Ajili ya Mmea wa Mama Mkwe

Sogeeni, enyi waungwana mlioshiba habari za majemadari, legezeni mikanda na mnyamazishe simu, kwani leo nasimulia vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, ila maji yalimwagika kwelikweli. Nawe ulimi wangu, usiteleze. Mambo haya ni mazito, na chungu chenyewe kilikuwa kizito zaidi.

Palikuwa na dereva wa lori, Breki kwa jina la barabarani, mshinda milima, mtuliza injini, asiyemwogopa yeyote chini ya jua isipokuwa mama mkwe wake. Naye mama mkwe, alipofunga safari kwenda kumwona dadaye, alimkabidhi mmea wa chungu wenye majani mapana kama sinia, ambao marehemu mumewe aliupanda kwa mkono wake. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba huo ndio uliobaki wa mzee.

Kiangazi kilikuwa kimepamba moto, hewa kavu hata midomo inapasuka. Basi Breki, kwa heshima zote, akaupa mmea kiti cha mgeni, mbele kabisa ya feni, upepewe usiku na mchana. Kingo za majani zilipoanza kukauka, shujaa akachota maji. Zilipozidi kukauka, akazidi kuchota, mpaka udongo ukawa tope na sakafu ikawa ziwa, na majani yakazidi kunywea. Aliwahi kushuka mlima na lori lililokatikiwa breki, ndipo akapata jina lake, lakini hofu ile ilikuwa cha mtoto.

Mkewe, mwalimu wa sayansi, aliporudi kutoka kusimamia mitihani shule ya mbali, alichovya kidole kwenye tope, akaitazama feni, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa hotuba.

"Mume wangu, mwamba wa barabara, jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hewa ikikauka, maji yanatorokea humo, basi mmea unavifunga. Na humohumo ndimo inamopita hewa ya kujipikia chakula. Wewe ukipita kwenye vumbi unafumba mdomo, sivyo? Haya, kula sasa. Ndivyo ulivyoufanyia mmea wa baba. Hauli, haukui, na tope lako haliusaidii; umefumba mdomo tu unasubiri upepo wako uishe."

Breki akainuka, akaikabili feni kifua wazi.

"Ewe Feni mwenye mapanga matatu," akanguruma, "umenipoza miaka na mikaka, wala sina ugomvi nawe. Lakini leo ni wewe au mama mkwe."

Akabonyeza swichi. Joto likaishukia nyumba ile kama jeshi la uvamizi. Naye akakikumbatia chungu, akakihamishia bafuni kwenye hewa yenye unyevu, palipo na dirisha la mwanga, ndoo za maji na nguo mbichi zinazoning'inia, akawa anayafuta majani kwa kitambaa chenye unyevu, moja baada ya jingine, akiyabembeleza. Watu wa nyumba ile walioga huku majani yakiwapapasa mgongoni, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Majani yakaacha kukauka. Hata asubuhi moja, shinani, likachomoza jani changa lililojiviringa.

Mama mkwe aliporejea, hakutaka hata chai; aliuliza mmea uko wapi. Breki akampeleka bafuni, akainamisha kichwa tayari kwa kusomewa mashtaka, maana kingo za majani ya zamani zilikuwa bado zina rangi ya kahawia. Mama hakuzitazama. Alilishika lile jani jipya, lililokwisha kufunguka, bado laini.

"Kwangu haujatoa jani tangu tumzike mzee," alisema. "Ulikuwa unaishi tu, kama mimi. Uache papo hapo, baba. Nitakuwa nakuja kuuona."

Na waandike basi wenye kalamu, wapige ngoma wenye mikono, kwamba katika kiangazi kile jani moja lilifunguka bafuni, na jemadari Breki, mshinda Feni, akatoka nje upesi akisema jasho limemwingia machoni.