Maporomoko kwa Petroli ya Kamati

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Kesho safari! Shemeji yangu mdogo, kitinda mimba wa mama mkwe, anaolewa Jumamosi katika mji anakofanyia kazi. Kutwa nzima kwa basi. Nauli imenitoa jasho. Lakini mji huo una jumba la makumbusho. Una pia maporomoko ya maji! Watu wanavuka mipaka kuja kuyaona. Mimi nitayaona kwa nauli ileile ya harusi.

Mke wangu nilimwahidi maporomoko tangu tulipooana. Kila mwaka linazuka jambo. Mwaka huu nimemwambia tutafika, inyeshe isinyeshe. Baadaye nikamkuta chumbani anajaribu kofia mpya mbele ya kioo. Aliponiona akaivua haraka. Nikajifanya natafuta soksi.

Tatizo ni mwanyumba. Ameoa dada mkubwa wa mke wangu, basi anajiona ameoa ukoo mzima. Ametangaza kwenye kundi la simu la familia kwamba amekodi basi dogo. Atawatembeza wageni maporomokoni asubuhi ya harusi, nafasi ni chache, kila mtu achangie "kwa uwezo wake." Hayo maneno yalitumwa kwa watu wote lakini anwani ilikuwa yangu. Mke wangu akauliza kwa upole kwa nini na sisi tusijiandikishe. Nikamwambia mume wake hapandi basi la mtu kama kifurushi. Akasema sawa. Hiyo sawa yake naijua. Ina miiba.

Si kitu. Mimi ni msoma mita wa maji. Maisha yangu yote nimeingia nyua za watu bila kulipa kiingilio. Nina mpango.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Tumefika. Familia imepanga nyumba moja, tumejazana kama viazi guniani. Sisi tumepewa stoo. Naandika juu ya kreti la soda, mke wangu amelalia mengine. Mwanyumba yuko hotelini. Hoteli ina bwawa la kuogelea. Ameshalitaja mara tatu.

Mama mkwe ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi. Sauti imemkauka kwa kuagiza watu. Alipouliza nani atashika kazi za kutumwa mjini, kila mtu akatazama kucha zake. Nikasimama. Nikasema nipeni mimi, zote.

Mama mkwe alinitazama kana kwamba kiti kimeongea. Kisha akanipa ufunguo wa pikapu ya fundi wa mahema. Tangi limejaa. Petroli ya kamati! Kila nitakapotumwa ni matembezi. Mama mkwe akasema huenda miaka yote hii alikuwa ananifikiria vibaya. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mwanyumba akasema ni vizuri kila mtu apate kazi ya saizi yake. Tutaonana.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Nilitumwa viti. Nikampakia mke wangu, kofia kichwani, moja kwa moja makumbusho. Geti limefungwa. Wanapaka rangi! Mlinzi alikuwa mtu mwema, akaturuhusu kuchungulia dirishani. Tukachungulia. Tukaona ngazi. Chini ya ngazi fundi rangi mmoja amelala fofofo, kopo tumboni. Mke wangu akamtazama kwa muda, akasema huyo anaonekana wa kale kweli.

Kwa mwenye viti tukachelewa. Vizuri vyote vimechukuliwa. Vilivyobaki ni vya shule ya chekechea. Nikavichukua, ningefanyaje? Kesho watu wazima watakaa magoti yakigusa masikio. Mama mkwe alivizunguka vile viti pole pole. Halafu akaniuliza kama kulikuwa na foleni barabarani. Nikasema kubwa sana. Mji mzima una taa moja ya kuongozea magari, na ni mbovu.

Lakini siku haikupotea. Yule mlinzi alinipa siri: maporomokoni wazee wanaingia bure, pamoja na msindikizaji mmoja. Bure!

Na Bibi tunaye. Bibi ni mama yake mama mkwe. Tangu siku ya posa ananiita mume wangu, na kila akiniona ananiuliza matumizi yake ya mwezi yako wapi. Mwanyumba amemwambia asipande basi lake, eti atachoka, apumzike. Tangu jana anapumzika kwa nguvu kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, anatazama wenzake wakijiandaa. Nikamwinamia sikioni. Akauliza kama kuna kutembea. Nikasema kidogo. Akauliza kama mwanyumba anajua. Nikasema hajui.

"Basi nitafutie viatu vyangu," akasema.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Naandika ndani ya pikapu, nje ya geti la maporomoko. Mwandiko mbaya kwa sababu naandikia juu ya usukani.

Asubuhi mama mkwe alinituma kwa fundi cherehani kuchukua gauni la bi harusi, lililokuwa linapunguzwa urefu. Ndoa ni alasiri. Akanishika bega akasema kazi hii ni moja tu, gauni, nenda rudi. Nikamwambia nitamchukua Bibi apunge upepo, na mke wangu amshike mkono. Akakubali. Uso wake haukukubali.

Gauni nikalipata. Jeupe, limefunikwa nailoni, linaning'inia nyuma ya kiti changu. Kutoka kwa fundi hadi hapa ni kipande kifupi cha njia. Nani angejua?

Mpango ulikuwa mwepesi. Bibi anaingia bure na mke wangu kama msindikizaji. Mke wangu anabaki kwenye maji. Bibi anatoka, anaingia tena bure na mimi. Nilimweleza Bibi mara mbili, akasema mimi si mtoto.

Wameingia. Bibi hatoki.

Nimesubiri. Bibi hatoki. Siwezi kumfuata kwa sababu pochi nimeiacha stoo makusudi, nisije nikashawishika kulipa. Siwezi kuliacha gauni kwa sababu kioo cha mlango wa pikapu hakipandi. Siwezi kumpigia mke wangu kwa sababu simu yake iko hapa kitini, ndani ya mkoba, inaita. Mama mkwe. Imekata. Sasa inaita yangu.

Nimepokea. Kauliza gauni liko wapi. Nimesema liko mikononi mwangu. Kauliza wewe uko wapi. Nimesema njiani. Njia ipo, naiona kwa macho yangu.

Watu wanatoka getini wameloa, wanacheka. Kila kikongwe anayetokeza moyo unaruka. Si yeye. Si yeye. Jua limeshapanda. Simu inaita tena.

Naingia.

Jumamosi, stoo, baada ya yote

Nitaandika kama ilivyotokea.

Nilimwendea mama wa getini nikiwa nimelibeba gauni kwa mikono miwili kama mgonjwa. Miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akaivaa. Nikamwambia pochi sina, kitambulisho changu cha kazi hiki, ufunguo wa gari huu, shika rehani, nina bibi yangu ndani. Akauliza gauni la nani. Nikasema la bi harusi. Akauliza bi harusi yuko wapi. Nikasema analisubiri. Akafungua geti kwa mguu.

"Kimbia, baba! Kimbia!"

Nikakimbia. Ngazi zimelowa, maji yananguruma huko chini mpaka kifua kinatetemeka. Watu wakanipisha. Wengine wakapiga makofi. Mtalii mmoja akanipiga picha, akaniomba nigeuke upande. Sikugeuka.

Nikamkuta mke wangu ameshika reli. Kofia haipo, upepo umeshaichukua. Uso umelowa wote na anacheka peke yake, kwa sauti, kama msichana. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuona meno yake yote kwa pamoja. Lakini manyunyu yalikuwa yanakuja kama mvua! Nikayapa maji mgongo, nikalikumbatia gauni, nikapiga kelele kuuliza Bibi yuko wapi.

Kicheko kikakatika. Akasema Bibi ameondoka zamani, alisema anakuja kwangu.

Tukatafuta. Vyooni hayupo. Kwenye vibanda vya picha hayupo. Kwenye mabenchi kuna wazee wengi, wote wa watu wengine. Kijana muuza miwani akasema alimwona bibi mfupi mwenye fimbo akipanda njia ya juu, ile isiyo na reli pande zote. Nikatazama chini kwenye maji. Nilichofikiria sikiandiki.

Mke wangu akaita "Bibi! Bibi!" mpaka sauti ikapasuka. Kisha akanishika mkono, hakupiga kelele.

"Akiwa amepatwa na kitu, usirudi nyumbani."

Angenipiga kofi ingekuwa afadhali. Nikamwambia mimi mwenyewe nisingerudi. Na ilikuwa kweli.

Simu ikaita. Mama mkwe. Nikashindwa kuipokea. Mke wangu akaninyang'anya, akasikiliza. Akasikiliza sana. Akakaa kwenye ngazi iliyolowa. Nikajua yamekwisha.

Akasema, "Bibi yuko nyumbani. Anakunywa chai."

Kumbe alikosea njia, akatokea geti la juu. Na geti la juu nani ameegesha? Mwanyumba na basi lake! Bibi akapanda, akaagiza kiti cha mbele. Mwanyumba ikabidi atoke kwenye kiti chake, asimame njia nzima ameshika bomba. Na njia nzima Bibi akawasimulia abiria kwamba mume wake anamsubiri geti la chini, maskini, hawezi kuingia kwa sababu tiketi imempotea, na tiketi yenyewe ndiyo huyu hapa amekaa mbele. Basi zima lilicheka. Nimesimuliwa na watu wanne tofauti, kila mmoja akafuta machozi.

Nikakomboa ufunguo na kitambulisho getini. Pikapu niliiendesha kama imeibwa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akalipokea gauni. Upindo ulikuwa na tope, upande mmoja umelowa. Maji ya maporomoko kiasi, jasho langu zaidi. Akapotea nalo ndani. Mama wadogo wakatoka mbio kila mmoja na pasi yake. Umeme ukazidiwa, nyumba ikazima, wakaazima pasi ya mkaa kwa jirani. Nilikaa nje nikisikia bi harusi analia chumbani, na kila kwikwi ilinichoma. Mke wangu akaingia kumbembeleza. Mimi hakuna aliyenibembeleza, na sikustahili.

Ndoa ilichelewa lakini ilifungwa. Bi harusi alitoka gauni likiwa bado na joto la pasi, amependeza mno, na hakuna aliyeona tope. Wageni walisimama kumpigia makofi na wakakataa kabisa kukaa tena. Vile viti.

Mwanyumba akanipigapiga bega, akasema tiketi zake mwakani zitakuwa na punguzo. Mama mkwe akanyoosha kiganja, nikaweka ufunguo. Kamati nzima inatazama.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti ile iliyokauka, "kuanzia leo hata ukienda chooni, tafuta msindikizaji."

Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Ndani ya basi, tunarudi. Mke wangu dirishani, mimi pembeni. Nikaanza kuomba radhi. Akanyanyua mkono ninyamaze.

"Nimeyaona," akasema.

Tukaenda kipande kirefu. Halafu akaniuliza mimi niliyaonaje, hasa pale katikati yanapogawanyika. Nikasema mazuri sana. Akauliza yanagawanyika mara ngapi. Nikasema mara kadhaa. Akanigeukia mzimamzima, akauliza kama niliyaona au sikuyaona. Ikabidi niseme ukweli kwamba nilikuwa nimeyapa mgongo, nimeangalia gauni.

Alicheka mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka. Kisha akanielezea yote, kwa mikono, yanavyoanguka, moshi wake, upinde wa mvua uliotokea kwenye miguu ya watu. Mpaka basi liliposimama kujaza mafuta alikuwa bado anaeleza. Sijawahi kusikiliza kitu vizuri kama hivyo.

Mwishoni akasema nikimgeuza bibi yake tiketi tena, ataniacha mimi getini maisha yangu yote. Nimeapa. Kwa moyo wangu wote. Mambo ya kukwepa kiingilio yamekwisha, Bibi haguswi, harusi za watu naziheshimu.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Kazini. Nimesoma mita ya mzee wa nyumba ya kona, ambaye miaka yote tumeishia salamu. Leo alikuwa na huzuni. Mwanawe anaoa mwezi ujao katika mji wa milimani na kamati haina watu wa kujituma. Nikaifunika mita. Nikamwambia mimi nimetoka kwenye harusi juzi tu, kazi zote za usafiri nilizibeba mwenyewe. Akaguswa sana. Akanishika mikono yote miwili.

Nimepewa kazi nzito kuliko zote. Kumleta mfungisha ndoa! Gari la kamati, petroli ya kamati, mimi na mke wangu na yeye tu. Nimeulizia. Kwenye barabara hiyo kuna chemchemi za maji moto, unachepuka kidogo tu, na wageni rasmi hawalipi, wala walio nao.

Mke wangu bado sijamwambia. Kinachonisumbua ni kama yule mheshimiwa atakubali kuoga asubuhi ya kazi. Lakini mtu wa cheo kile hawezi kusafiri bila taulo.