Mbuzi, Ng'ombe na Wajerumani

Jumatatu, 6 Mei
Jumamosi tunakwenda kuongea mahari kwa akina Victoire, mchumba wangu, na bado hatujui mnyama ni yupi! Sisi Wanande wa Butembo tunaoa kwa mbuzi. Wao, watu wa Rutshuru, wanataka ng'ombe. Ng'ombe nitatoa wapi, mimi mwenye kibanda cha fotokopi hapa mtaani Murara? Na Benny, mtoto wa mfugaji, anayemtaka Victoire pia, ameonekana tena kwa mama yake Victoire akinywa maziwa. Maziwa aliyoyaleta mwenyewe! Nimemwombea tumbo la kuhara.

Lakini nina mpango. Msemaji wao ni baba mkubwa wa Victoire, Muzee Mbarushimana wa Kyeshero. Zamani alisomea Kijerumani na lugha ndugu zake: Kiholanzi, Kiingereza, Kiswidi. Anapenda jambo moja tu duniani: asili ya majina ya wanyama katika lugha hizo. Nami nitajifanya nalipenda. Muzee akilainika, ng'ombe watageuka mbuzi wenyewe.

Jumanne, 7 Mei
Nimekwenda Kyeshero. Muzee alifurahi kupita kiasi. Akauliza Mjerumani anamwitaje mbwa. Nilikuwa nimejiandaa: Hund! Akauliza kwa nini Mwingereza, kwa neno lile lile, hound, anamaanisha mbwa wa kuwinda tu. Jasho! Nikajibu labda Waingereza wanapenda sana nyama. Akacheka, akaagiza chai nyingine.

Halafu akanipa silaha bila kujua. Mjerumani akisema Tier, ni mnyama yeyote. Mholanzi anasema dier, vilevile. Mwingereza amelibana neno hilo mpaka likabaki la kulungu na jamaa zake tu: deer. Zamani lilikuwa neno moja, akasema, na yaonekana mzizi wake ni kupumua. Kila kinachopumua! Nimerudi Murara nikirukaruka kwa furaha. Mbuzi anapumua. Ng'ombe anapumua. Tatizo liko wapi?

Alhamisi, 9 Mei
Papa Kasereka amefika kutoka Butembo. Ni baba yangu mdogo na ndiye msemaji wetu. Nimemweleza mambo ya kupumua. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa maharage yenye wadudu. Akasema: "Mwenye kuoa hasemake kitu, mutoto wangu. Anainamisha kichwa. Ukisema, ni amende." Yaani faini! Nimekubali. Lakini Papa hajui Kijerumani hata neno moja. Tutashindwa!

Victoire amepiga simu akilia. Mama yake ameapa kwamba mambo yakiharibika Jumamosi hii, hakutakuwa na Jumamosi nyingine. Fotokopi zangu zote za leo zimetoka upande.

Jumamosi, 11 Mei
Ole wangu.

Papa Kasereka alianza kwa mizaha, eti sisi ni wasafiri tu, tumepotea njia, tukaona ua zuri ndani ya boma hili. Muzee Mbarushimana akasema hapa hakuna maua, kuna mihogo. Watu wakacheka. Wakavutana kwa adabu, wakanywa, wakavutana tena. Mimi kichwa chini. Mwishowe muzee akasema Butembo ni mbali, watoto wanapendana, familia inapokea mbuzi. Vigelegele! Hata mama mkwe alipiga makofi.

Tumeshinda! Nilipaswa kubaki nimeinama. Lakini nilimwona Benny pale mlangoni akicheka kwa dharau, eti mbuzi, na maneno yote ya Kyeshero yakanipanda kooni. Nikasimama. Nikawatuliza wakwe kwamba hawapotezi kitu. Tier! Dier! Mbuzi na ng'ombe ni kitu kimoja, wote wanapumua, Wajerumani wanajua!

Papa Kasereka akafumba macho. Muzee akavua miwani, akanishukuru kwa kushika somo. Kisha akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba ikiwa mbuzi na ng'ombe ni kitu kimoja, basi mimi haitanidhuru kuleta ng'ombe. Na kwa kuwa mwenye kuoa amesema mbele ya wakwe, aongeze ng'ombe wa amende, tena mwenye ndama. Wafike wote kabla ya mwezi wa nane, la sivyo mtoto wao anabaki nyumbani.

Jumapili, 12 Mei
Ujumbe wa Victoire. Bado ananitaka. Ila nitafute ng'ombe, na nisimwambie mtu yeyote kitu mpaka tutoke kanisani. "Chéri, ufunge kinywa tu." Maskini, ana wasiwasi mwingi.

Kesho Papa Kasereka ananipeleka kwa mfugaji mmoja, Muzee Ntirenganya. Wanasema ni mkali, bei yake haiguswi. Lakini nimetafakari, na kosa la jana nimeliona: niliishia kwa Waholanzi, sikufika kwa Waswidi! Leo baada ya misa nimempigia simu Muzee Mbarushimana. Amenipa somo la neno ng'ombe lote, Kuh, koe, cow, ko, mpaka kwa Wahindi wa kale. Papa ameniapisha kwamba nitanyamaza. Sawa. Nitamwacha apatane kwanza. Bei ikianza kushuka tu, nasimama.