Mashine ya Kukamulia ya Kina Mama

Mwenyekiti wa Chama cha Ushirika wa Maziwa alisimama, akakohoa kikohozi cha cheo, akatangaza kwamba mwanamke wa kijijini ameingia rasmi katika enzi ya mashine ya kukamulia. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Waliopiga makofi wote walikuwa wanaume.

Hilo halikuwa kosa, ulikuwa utaratibu. Mwanachama ni mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe, kwa mujibu wa katiba, ni baba mwenye nyumba. Kwa hiyo waume walihudhuria Mafunzo ya Kumwezesha Mwanamke Mfugaji kwa niaba ya wake zao, wakala chakula cha mchana kwa niaba yao, wakapewa vyeti. Wake walikuwa nyumbani, wanakamua.

Mashine zilipofika, Mwenyekiti alipeleka ya kwanza kwake. Mkewe akainyooshea mkono.

"Weee, Mama Watoto! Hiki ni chombo cha kitaalamu. Asiye na cheti hakigusi. Na tumeshapitisha: maziwa ya kukamuliwa kwa mikono hayapokelewi tena."

"Mwenye cheti ni nani?"

"Ni mimi, nani mwingine!"

Mkewe alifikiri kidogo. "Basi, Baba Watoto, sheria ni msumeno. Ng'ombe anakusubiri."

Maneno hayo yaliruka ua kwa ua. Alfajiri iliyofuata, kijiji kizima, wenye vyeti waliamshwa kwa heshima zote.

Mwenyekiti aliingia zizini na koti lake la vikao. Ng'ombe, ambaye hakuwa amehudhuria mafunzo, alimtandika teke la mbavu. Mashine nayo ikaacha chuchu, ikanyonya mkono wa koti. Mwenyekiti aliziita hizo changamoto za kipindi cha mpito. Wiki ilipokwisha alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba mlango, na wajumbe wake hivyo hivyo, akaona ni busara kuitisha mkutano wa dharura kurekebisha kanuni. Lakini jioni ya mkutano ilikuta viwele vimejaa, na mwenye cheti hawezi kutoka.

"Mama Watoto, tangulia ukanishikie kiti," alisema, kichwa kikiwa ubavuni mwa ng'ombe.

Waume wote walituma wake zao vivyo hivyo.

Mwenyekiti alipofika, akinuka maziwa, ukumbi ulikuwa umejaa kanga mpaka mlangoni. Mkewe alikuwa meza kuu.

"Ahsante, mke wangu. Nimefika. Niachie kiti."

"Umechelewa, mheshimiwa. Tumeshapiga kura kwa niaba yenu, na kiti hiki sasa ni changu. Mwanachama sasa ni anayemhudumia ng'ombe mwaka mzima. Kina mama wanaanza mafunzo wiki ijayo, wenyewe, si kwa niaba."

Mwenyekiti aliyemaliza muda wake alijishika mbavu. Akaomba, kwa lugha ya kiofisi kabisa, afikiriwe kupumzishwa kukamua kuanzia kesho, kwa sababu za kiafya.

Mkewe aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Kamati mpya ya kina mama ikaitikia kwa vichwa, kwa uzito unaostahili.

"Ombi lako limepokelewa, Baba Watoto," alisema. "Linafanyiwa kazi."